Jiwe Mweupe ya Kanku

Kolwezi, tarehe 11 mwezi ya sita 1996

Shemeki Tshilombo,

Unalamuka muzuri huko Mwene-Ditu? Magoti inakuruhusu kutembea, ao ungali unashuka ngazi sawa mama mwenye mimba? Na mudogo wangu Elise, angali anakukaripia? Kama siku moja anabakia toka asubui mpaka mangaribi bila kukukaripia, kimbia ku munganga, ju mi namujua tangu tuko batoto, mudomo ile haiyapumzikaka. Jocelyne na Kalala, ubaambie mujomba yabo anabasalimia moja-moja, na kama bananisahau sura, ubaambie baangalie muntu muzuri kupita bote mu kartye, mu mutaa yenu, kiisha baongeze kidogo.

Huku tuko. Odile bibi yangu anakusalimia, anauliza kama mulishajifunza kula bukari, ule ugali yenu ya kuchanga na muhogo bila kulia. Mi niko muzima. Meno inabakia saba, lakini ni saba ya kazi, haina saba ya picha. Majirani banasema siku muzee Mukalay atafunga mudomo, batafikiri kule Nzilo barrage ya maji inapasuka. Na kweli umeme ya Nzilo inatukatikia kila siku. Mudomo yangu njo inabakia.

Barua yako ilifika. Séraphin, ule muchuuzi wa maharagi mwenye kupandaka treni ya mizigo, aliileta ndani ya kofia, ikakuya na harufu ya kichwa yake. Niliisoma mara tano. Unajua mi sikuingiaka ku masomo. Herufi nilijifunza ku mifuko ya simenti na ku bibao bya usine, kiwanda yetu, bile byenye kuchorwa kichwa ya mufu. Barua yenye haina na kichwa ya mufu ku mwanzo inanisumbuaka kidogo. Lakini ya kwako nilielewa yote. Unasema Elise atapanda treni kiisha mavuno, mwezi ya nane, ju yee ni mutoto wa kwetu Lubudi, haina Mukasai sawa weye, hakuna muntu atamuuliza kitu njiani. Unasema anataka kufika ku kaburi ya Kanku siku ile ya kumukumbuka, apige magoti, atie mushumaa na kale kitambaa alishona na mikono yake. Kiisha, kule chini, unaandika aksanti. Unasema munalala muzuri ju munajua mutoto wenu iko mu mikono yangu.

Shemeki, aksanti ile njo ilinitosha ku kiti, ikaninyamusha.

Tangu juzi naandika, nanyamuka, nazunguka nyumba, narudia. Odile anasema niko sawa kuku yenye kutafuta mahali ya kutaga. Asubui hii nilitengeneza mulango yenye haikuharibika. Séraphin naye anasema treni yake itaondoka kesho, na kama barua haina tayari atanifunga mi mwenyewe mu mufuko, anipeleke na maharagi yake, niongee ile yote kwa mudomo. Bon. Acha nianze na bya kuchekesha, ju ni njia mi nazoea.

Unakumbuka vile tulikuwaka ku usine, ku mabasini, matangi yetu ya asidi. Weye mwenye diplome, na kaye yako, ile daftari ya namba. Mi mwenye pua. Baenjeniere balikuya na mashini yabo ya kupima, mi nainamia basini, nanusa, nasema bado. Na kweli ilikuwa bado. Siku moja niliingiza kidole mu asidi, asidi ikaniomba musamaha. Unasemaka ilikuwa maji tu. Ile ni wivu, shemeki, na wivu inazeesha.

Na ile suruali! Bote mulivaa nguo nzito ya manyoya ya kondoo, yenye kuwasha sawa upupu, ju asidi inakulaka pamba. Mi nikasema, siku bibi ya direkteri atatembelea usine, mi Mukalay siwezi kumupokea nikivaa kondoo. Nikavaa suruali yangu mweupe, ya pamba, yenye nilikuwa nayo ku kazi siku moja mbele. Tone tatu tu ilikuwa inairukia, mi sikuona. Odile aliifua, aliipiga pasi. Mbele ya ule mama nikainama namna hii kumuonyesha bomba, suruali ikaachana ngambo mbili sawa pazia. Weye njo ulinifunika na kaye yako ya namba. Mpaka leo mi nahadisia bantu kama ule mama aliomba adresi yangu.

Lakini kazi yangu ya kweli ilikuwa mawe, na pale sichekeshe. Bantu balitoka na mawe ku mashimo yote, bengine mpaka Kingamyambo, banataka kujua kama ni kitu ao ni bule. Mi na kachupa yangu, na kajiti ka nyasi. Tone moja tu. Jiwe ya kijani inatoka povu polepole, inalia shiii, na maji inageuka bleu sawa mbingu ya mwezi ya tano: mukuba, ile shaba, inaingia mu maji. Jiwe mweupe ya kwetu Lubudi, ya chokaa, ile haingojee. Inaruka, inatema povu sawa mulevi. Musumari ya chuma inatosha tumalengelenge tudogo-tudogo sawa limonade, na yenyewe inakonda. Mukuba safi, ile mwekundu: bule. Unamwangia, inakuangalia tu. Weye ulinielezeaka kama mu jiwe ya kijani na mu ya chokaa kuko hewa yenye ilifungwa, asidi inaifungulia mulango. Na ya chuma ni hewa ingine, ile yenye kushika moto. Mi nikakujibu kama hewa ni hewa, bora tu isipitie mu suruali. Lakini nilishika maneno yako. Na nikatembea Kolwezi muzima, nikijisifu kama mu Katanga yote hakuna jiwe yenye inaweza kumudanganya Mukalay. Ushike maneno ile, shemeki. Tutairudilia.

Nilinyamuka tena. Nilienda kunywa maji. Sikuwa na kiu.

Acha niseme ya Kanku. Wakati shurua ilimubeba, na miaka yake ine tu, munajua vile nyumba yenu ilikuwa. Mi sikujua kulia mbele ya bantu, njo nilipanda treni ya Lubudi kutafuta jiwe. Nilichagua mi mwenyewe kule kwetu, mweupe, moja tu yenye haina ufa. Nilirudia nayo ku magoti yangu, mapaja ikakufa ganzi mpaka juma nzima. Muntu wa tikiti akaniuliza kama jiwe ile italipa. Nikamujibu kama ni mama-mukwe wangu, hasemake, na hii ni mara ya kwanza niko na bahati naye. Nikamuona anacheka, mi nikageukia dirisha.

Nilitumika siku tatu na musumari na marto, nyundo yangu. KANKU TSHILOMBO. 1984 mpaka 1988. Herufi yangu ya mifuko ya simenti, kubwa-kubwa. Na vile mahali ilibakia kule chini, na vile mi ni mi, nikaongeza: MUJOMBA WAKE MUKALAY. Mulipofika kuangalia, weye ulicheka katikati ya machozi, ukasema hata bafu ya ku makaburi shurti bajue nani alibeba jiwe. Elise hakucheka. Alisema tuiache. Alisema Kanku aliogopaka giza, na sasa mujomba wake iko naye ku miguu.

Unaona namna gani nasahau saa nakula dawa yangu, lakini ile siisahau.

Kiisha ikafika mwaka ile ya 1993, ya kufukuza Bakasai, bantu benu, mu Katanga. Sina haja ya kukuelezea, ulikuwa ndani. Filimbi mu barabara, bijana na orodha yabo, bantu banatoka mu nyumba zenye balizalia batoto bote, kitanda ku kichwa, mashini ya kushona ku mugongo. Mulilala ku gare, ku stesheni, juma tatu nzima, munangoja treni, chini ya shiti ya plastiki. Juma ya kwanza nilileta bukari kila siku. Nilikuchekesha, nikasema nyumba yenu ya plastiki iko na hewa muzuri kupita ile ya kompani. Siku ya mwisho ya juma ile ulinishika mukono, ukaniambia batatukamata bintu byote lakini Kanku anabakia, na anabakia na weye. Mi nikasema ndiyo. Nilisema mara mbili.

Juma ya pili hamukuniona. Odile njo alileta bukari, akabaambia niko na homa. Siku treni iliondoka sikuwa pale. Elise alituma neno kama nimeze kinini na nisikunywe lutuku, ile pombe kali. Alikuwa anafukuzwa mu inchi ya kuzaliwa kwake ju ya kukufuata weye, na kichwa yake ilikuwa ku homa yangu.

Sasa nikupe habari ya usine, ju bado sina tayari. Balinipa kiti yako. Kweli! Mukalay shefu! Balinipa na kaye yako. Vile namba siijui, nilichora kuku, kuku moja ku basini moja, na ku basini yenye haienda muzuri nilichora kuku yenye kulala. Miezi munane. Kiisha mashimo inajaa maji, wagoni haifike, na mwisho asidi yenyewe ilifukuzwa kazi. Sasa mabasini inakauka, ku bikingo kunabakia kijani tu, mabomba ya chuma inatoboka na bakunguru banakunya ndani. Bale balisema kama Bakasai njo balitukulia kazi, leo banauza makala sawa mi. Kazi hakuna mwenye aliipata. Ilipanda treni na benu.

Odile anapita nyuma yangu, anaangalia karatasi, anauliza kama nilishafika ku neno yenyewe. Nasema bado. Anasema mi huyu njo ile basini ya kuku yenye kulala.

Bon, shemeki. Homa ile haikuwa homa.

Mwisho ya ile juma ya kwanza yenu ku gare, nilipita kwa ule mama wa kuuza munkoyo, pombe ya mahindi. Kabemba alikuwa pale, ule kijana wa kuuza petroli ku kona yetu, mwenye zamani aliniita tata na kunibebea kiti. Alinisalimia na heshima yote. Kiisha akaniuliza, mbele ya bantu bote, kama ule Mukalay mwenye kulala ku miguu ya Bakasai ku makaburi ni mi ao ni Mukalay ingine. Bantu bakacheka. Akasema yee na benzake ba filimbi batakwenda kule siku ya Mungu kusoma majina, na kila muntu mwenye jina yake batakuta mahali ile, batamupa nafasi mu treni, bila tikiti, ni zawadi. Mi nilicheka kupita bote. Nilisema Bamukalay ni wengi sawa mbuzi, nani anaweza kubahesabu. Nikamaliza kilauri yangu. Nikatoka. Kufika ku nyumba, nilifunga mulango na kutia kiti nyuma yake.

Weye unanijua mi ni muntu wa mudomo. Basi ujue na hii: muntu wa mudomo, woga inamukula mbele ya bengine, ju anaona bintu byote mbele bifike.

Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, saa sita ya muchana, bantu bote balikuwa ku mukutano ku place, ule uwanja mukubwa. Mi nilitwaa chupa yangu ya asidi, ile yenye kila mufanyakazi alikuwaka nayo ku nyumba, nikaenda ku makaburi. Nilitaka kutosha jina yangu, kuifuta. Yangu tu. Ule mustari wa chini. Usifikiri nilikosea jiwe: nilijua muzuri sana vile asidi inafanyaka jiwe ya Lubudi, mi njo nilionyesha Kolwezi muzima. Nikapanga kazi sawa fundi. Jiwe ile inalalaka chali juu ya kaburi, njo nilisema nitajenga kaukuta ka udongo katikati ya jina ya mutoto na jina yangu, asidi ibakie ngambo yangu, ishuke ku miguu, iishie mu nyasi. Pale karibu kuko kichuguu kikubwa. Nikavunja udongo yake, nikaikanda na mate na maji kidogo yenye nilikuwa nayo, nikajenga ukuta muzuri, nikaupangusa na kidole. Nilijisifu. Kule, peke yangu, na mutoto chini, nilijisifu.

Nikamwanga asidi. Jina yangu ikaanza kutoka povu. Nikaangalia M, nikaangalia U. Kiisha nikasikia shiii ingine, yenye haitoke ku jina. Ukuta yangu njo ilikuwa inatoka povu. Udongo ya kichuguu, shemeki! Iko na chokaa ndani. Muchwa anaipandisha toka chini. Mi mwenye hakuna jiwe yenye inaweza kumudanganya, maisha yangu yote sikutiaka tone moja ku kichuguu. Ukuta ikafunguka katikati.

Na kintu kingine sikuangalia. Mvua ya miaka tano ilishusha udongo ku ngambo ya kichwa. Jiwe ilikuwa inalala na kichwa chini. Asidi haikushuka ku miguu. Ilirudi ngambo ya kichwa, ikakimbilia Kanku.

Sikuwa na maji tena. Niliichota na mikono. Nilivua shati, nikapangusa, shati ikakatika mu mikono sawa karatasi ya mvua. Sasa usikie kitu yenye inaniuma kupita yote, weye mwenye masomo utaelewa. Kiisha povu, jiwe ile inafanyaka kitu mweupe juu yake, sawa unga ya muhogo, na ile unga inazuia asidi kidogo. Kama ningeiacha, labda ingebakia kitu cha kusoma. Mi nikaipangusa. Nikapangusa, jiwe mupya ikaonekana, asidi ikashika tena, nikapangusa tena. Kila mara nilifikiri naokoa jina, nilikuwa nailisha asidi.

Wakati ilinyamaza, kule juu ilibakia mustari mumoja wa kusimama, ule wa K. Miaka hakuna. Na kule chini, ju asidi yote ilikimbia, jina yangu ilibakia. Ilipauka, lakini muntu aliweza kuisoma: MUJOMBA WAKE MUKALAY. Kaburi ya mutoto wenu ilibakia na jina yangu tu.

Pale niliweza kusimama. Niliweza kusema basi, ile ni jibu, acha Kabemba akuye, nitapanda treni na ndugu zangu. Nilitwaa jiwe ya ku njia, jiwe gumu, na ile mikono yenye kuungua nikasugua jina yangu mpaka ikatoka. Ile haikuwa asidi, shemeki. Ile ilikuwa mi.

Nilibakia ndani juma mbili, mikono mu mafuta ya ngazi, ile mawese. Nisingeweza kufika ku gare, ju Elise angeniuliza mikono inakuwaje, na yee siwezake kumudanganya. Odile njo alijibu homa. Alijua ya mikono, ya jiwe hakujua. Aliijua juzi, ju ya barua yako, na tangu juzi ananipikia bila kunitukana. Unaweza kuona vile hali ni mbaya.

Na siku ya Mungu ile? Hakuna mwenye alikuya. Kabemba na benzake bangali balevi toka mukutano, balilala. Makaburi hakuna mwenye aliigusa, siku ile ao siku ingine. Ule mustari wote, majina ya bantu benu ingali inasomeka, Batshilombo, Bakalala, bote. Jiwe moja tu njo haina na jina.

Bantu ya hapa niliambia kama ni mvua ya moshi ya usine njo iliikula. Niliihadisia muzuri, mpaka leo kuko bantu bananihadisia mi mwenyewe na kuongeza yabo. Na weye nilikuandikia mara mbili kama kaburi inangaa. Inangaa kweli. Kila juma nafagia.

Sasa usikie yenye nilifanya mbele barua yako ifike. Unakumbuka musalaba ya mukuba ya nkambo, babu yangu, ile ya zamani, ya mahari, ya kuolea bibi, yenye nilisema aliolea banamuke batano? Aliolea mumoja tu, na alikuwa mukali. Niliitosha chini ya kitanda. Usine haina na asidi tena, njo niliomba kidogo mu batri ya kufa ya motokari ya jirani. Nikatia tone. Nikangoja. Nikatia ya pili. Bule. Inaniangalia tu. Nikapangusa, nikatwaa ule musumari na marto, nikapiga: KANKU TSHILOMBO, 1984, 1988. Juma moja, ju vidole fulani haikunjike tena muzuri. Niliifunga ku jiwe na waya ya mukuba, haina ya chuma, ju ya chuma itakonda na kukatika. Mvua itaipaka kijani, usiogope. Kijani ile ni nguo tu. Ukiitia asidi itatoka povu na kwenda, na chini yake mukuba itakuwa palepale, mwekundu, na jina ndani.

Ku musalaba, chini ya miaka, niliacha mahali ya mustari mumoja.

Shemeki, nakuomba kitu moja. Umusomee Elise hii barua mbele apande treni. Usimuache afike na kitambaa chake, aangalie jiwe, kiisha aniangalie mi. Kama akisikia hatakuya, nitaelewa, na mushumaa nitaitia mi. Kama akikuya na hataki kulala mu nyumba yangu, Odile alishaongea na mama Valérie wa ku misioni, kitanda iko. Lakini musumari na marto iko mu kafuko, nyuma ya mulango. Yee njo alisemaka tuache jina ile mu 1988. Aseme tena sasa. Akisema nipige jina yangu pale, nitapiga mbele ya macho yake, bantu bote basome, Kabemba naye. Akisema niache, mahali itabakia mutupu, na mi nitaendelea kufagia.

Odile anabasalimia bote. Kuku yetu moja inabasalimia, ile ingine Séraphin aliikula. Mubusu Jocelyne na Kalala ku paji. Weye, kanda magoti na maji ya moto na chumvi, usingoje mpaka uzeeke sawa mi ju hautafikia uzuri hii. Mungu abachunge mu nyumba na mu njia, na treni ya Elise isikatike katikati ya pori.

Jina yangu naiandika hapa na kalamu ya bic tu. Ile ya kule inangoja.

Shemeki yako,
Mukalay